Jinsi ya kusikiliza rigi: mwongozo kamili wa kugundua pampu, beringi na hama (nyundo ya hewa ya kuchimbia) zikianza kuliwa kabla hazijakuharibia kazi

Mwangaluka wakuu. Mi ni fundi wa rigi, yaani mashine za kuchimba visima, hapa Mwanza, nimezunguka na hizi mashine Misungwi, Magu, Sengerema, mpaka Ukerewe tumevuka nazo, na simu ninayopigiwa kuliko zote ni ile ya kijana yuko saiti anauliza "fundi, mashine imeanza kelele flani, itafika jioni?" Af ananiwekea simu karibu na injini nisikie. Hapo siwezi kumsaidia. Sio kwamba sikio langu bovu, ni kwamba sijui ile mashine yake ikiwa nzima inaliaje, na yeye mwenyewe ukimuuliza hajui, anakwambia tu "haikuwa hivi".

Sasa mwongozo wote huu umekaa juu ya hicho kitu kimoja. Sauti ya leo peke yake haikwambii kitu, lazima uwe na sauti ya mashine ileile ikiwa nzima, umeichukua palepale, kwa mzunguko uleule, kwa mzigo uleule. Ukiwa na hiyo, hata helpa wa miezi mitatu anaweza kugundua beringi inayoanza kuchoka. Ukiwa huna, hata fundi wa miaka 20 anabahatisha.

Hili nililijua kwa hasara. Tulikuwa saiti moja kando ya ziwa upande wa Sengerema, udongo wa mchanga mtupu, tunachimba kwa matope, yaani maji ya udongo ambayo pampu inayazungusha shimoni. Pampu ikawa inagonga kwa mbali, siku mbili nzima nasikia, najiambia si ndo ilivyo siku zote. Siku ya tatu beringi ya krenki (shafti inayosukuma pistoni) ikafunga, matope yakasimama, na mchanga wa pale ukikosa matope hata dakika chache shimo linaanza kujiangukia. Rodi 11 (mabomba ya kuchimbia) na biti, ile ncha inayokata ardhi, vikabaki chini. Ule mgongo, yaani sauti ya kugonga, ningekuwa na rekodi ya wiki moja nyuma ningeuona siku ya kwanza kabisa, tungezima, tungetoa rodi, tungefungua pampu tukiwa tumekaa.

Na kabla sijaendelea, niseme kwa nini hii inawahusu pia vijana wanaotafuta kazi za mafuta, maana kanda yetu hii wapo wengi. Kule Uganda, Ziwa Albert, uchorongaji wa visima vya Kingfisher na Tilenga umeanza 2023, na bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Chongoleani Tanga linapita Kagera na Geita, lina stesheni 6 za kusukuma mafuta, 4 ziko huku kwetu. Pampu ya matope ya rigi ya mafuta ni ndugu ya hii ya kwetu, pistoni tatu, valvu zilezile, ila ya kwao ni kubwa na presha yake inatisha. Ukijua kusikiliza ya kisima cha maji, ile ya mafuta haikupi shida kuielewa.

Vifaa

Huhitaji hela nyingi. Simu yenye kurekodi faili la WAV (sauti isiyobanwa), bisibisi ndefu au fimbo ya chuma ya futi 2, kopo la rangi, daftari, saa yenye sekunde, na vizibo vya masikio. Ukipata tochi ya kupimia joto, ile unaielekeza inakupa nyuzi, nunua, itakulipa haraka.

Tafadhali usitumie voisi noti za WhatsApp kwa kazi ya kulinganisha. Zile zinabana faili na kukata milio myembamba ya juu, na uchovu wa beringi unaanzia hukohuko juu. Kuna programu nyingi za bure za kurekodi WAV, chagua moja, zima kila kitu kinachoitwa kusafisha sauti au kupunguza kelele, maana simu inadhani kelele ya mashine ni uchafu na kumbe ndo unachokitaka. Weka simu mode ya ndege isikuingilie katikati.

Kitu kingine, simu inajipandishia na kujishushia sauti yenyewe. Kwahiyo usilinganishe ukubwa wa kelele kati ya rekodi mbili, linganisha umbo la sauti: kuna mlio mpya umeingia? kuna mdundo haukuwepo?

Hatua ya 1: andika namba za mashine yako

Watu wanaruka hii halafu wanakwama mbele. Daftari liwe na mzunguko wa injini ukiwa kazini, idadi ya stroki za pampu (misukumo ya pistoni moja) kwa dakika, meno ya gia kama kibati kinaonyesha au umewahi kufungua, na namba za beringi zote unazozifahamu.

Ukiwa na namba hizo, mahesabu ni ya darasa la saba. Gawa mzunguko wa dakika kwa 60 unapata mizunguko kwa sekunde, yaani Hz. Injini ya dizeli inayozunguka 1,800 inatoa 30 Hz. Kama ina silinda 6, kila mzunguko mmoja zinawaka silinda 3, kwahiyo mlio wake mkubwa uko 90 Hz. Silinda moja ikiacha kuwaka vizuri unapata mdundo wa 15 Hz, nusu ya mzunguko, kwa sababu kila silinda inawaka mara moja kwa mizunguko miwili. Huo ndo ule mchechemeo mnausikia.

Pampu ya pistoni tatu ikiwa kwenye stroki 120 kwa dakika, kila pistoni inasukuma mara 2 kwa sekunde, zote tatu zinakupa 6. Shika hizi namba 2 na 6, yaani 120 na 360 kwa dakika, tutazirudia.

Hatua ya 2: weka alama

Chukua rangi, weka doa kila sehemu utakayosikiliza. Kwangu pampu ya matope ina madoa 8: kila chumba cha valvu doa lake, viko 6 maana kila pistoni ina valvu ya kuvuta na ya kusukuma, halafu beringi za pembeni kushoto na kulia. Kompresa madoa 3, giaboksi 2, kichwa kinachozungusha rodi 1, hili utalisikiliza kimesimama na kikizunguka bila mzigo. Na doa moja chini ardhini, hatua 2 kutoka mashine, hapo ndo unasimama na simu.

Usiweke doa sehemu ambayo ili uifikie lazima upitishe mkono karibu na mkanda, shafti au rodi inayozunguka. Hata kama ndo sehemu nzuri kuliko zote. Fimbo ikinaswa inavuta mkono, na mkono hauna spea.

Hatua ya 3: rekodi ikiwa nzima

Asubuhi. Sio mchana. Sisi wa kando ya ziwa tunajua upepo wa ziwani unaanza kuingia jua likishapanda, na upepo kwenye maiki ya simu unafunika kila kitu. Saa 1 mpaka saa 3 asubuhi ndo muda wangu.

Washa mashine, iache ipate joto la kazi kwanza, kama nusu saa, maana oili ya baridi inabadilisha milio na valvu za injini zinagonga kidogo zikiwa bado hazijapata moto. Weka mzunguko kwenye namba yako ya siku zote. Rekodi sekunde 60 ukiwa kwenye doa la ardhini, bila mzigo, halafu sekunde 60 pampu ikiwa na presha ya kazi. Halafu sogea, rekodi sekunde 30 karibu na kila kundi la madoa, umbali uwe uleule kila siku, mi napima kwa spana namba 32, urefu wake ndo umbali wangu.

Jina la faili liwe na tarehe, mashine, doa, mzunguko, mzigo. Mfano: pampu-doa3-stroki120-mzigo, na tarehe mbele. Ukiandika "rekodi mpya 14" baada ya mwezi hutajua ni nini, niamini.

Rudia mara moja kwa wiki. Mashine ikiwa imezeeka au uko kwenye granaiti ngumu kama ya huku Mwanza mjini, rudia kila siku 3.

Hatua ya 4: fimbo sikioni

Hii ni njia ya babu zetu gerejini na hakuna simu imeishinda bado kwa kutafuta ni wapi hasa. Ncha ya bisibisi kwenye doa, mpini kwenye mfupa ulio mbele ya tundu la sikio, sikio la pili umeliziba. Usiingize ndani ya sikio, mashine ikirusha umeumia. Sekunde 10 kila doa zinatosha.

Utakachosikia:

Beringi nzima inavuma laini kama maji yanayotiririka mbali. Iliyokauka grisi inatoa mlio mwembamba mkavu, kama kitu kinachakachaka kwa juu. Iliyoanza kuliwa inakwaruza kwa mpigo unaojirudia. Iliyokwisha kabisa inanguruma, na hapo mara nyingi imeshakuwa ya moto. Joto linakuja mwisho jamani, ndo maana wale wanaopima kwa kiganja tu wanachelewa siku zote.

Jaribio la grisi ni zuri sana kwa beringi zenye niplo (kile kichuchu cha kupigia grisi). Fimbo iko sikioni, mwenzio anapiga grisi taratibu pampu moja moja. Mlio ukishuka na kubaki chini hata kesho yake, ilikuwa kavu tu. Ukishuka halafu baada ya muda mfupi umerudi, chuma kimeshaliwa, agiza beringi. Mlio ukipanda unapoongeza, acha, umejaza kupita kiasi na grisi nyingi nayo inaua beringi kwa joto.

Hatua ya 5: hesabu mapigo, hapa ndo penye utamu

Mgongo ukishausikia usikimbilie kufungua. Angalia saa, hesabu umegonga mara ngapi kwa sekunde 30, zidisha kwa 2. Sasa linganisha na daftari.

Mgongo ukiwa 120 kwa dakika na pampu iko kwenye stroki 120, tatizo liko kwenye pistoni moja, au valvu zake, au krosihedi yake (kiungo kati ya krenki na pistoni), au pini yake. Ukiwa mara tatu ya hapo, zote zinalalamika kwa pamoja, basi angalia upande wa kuvuta, labda pampu haishibi matope. Ukija kwa kasi kubwa kuliko stroki, kwa mfano gia ndogo ya kuingilia inazunguka mara 4 ya krenki na mgongo unakuja 480, huo ni wa shafti ya gia ndogo, na huko valvu hazihusiki kabisa. Nimeona watu wamefungua valvu zote 6 saiti, siku nzima imeenda, kumbe ni beringi ya shafti ya kuingilia. Kuhesabu kungewachukua nusu dakika.

Sasa valvu. Valvu iliyoliwa na matope inatoa mluzi wa maji yenye presha, fyuuu, mpigo baada ya mpigo. Weka fimbo chumba kimoja kimoja, ukiangalia pistoni ya chumba hicho inakwenda wapi. Mluzi ukija pistoni inaposukuma, ni valvu ya kuvuta inarudisha matope nyuma. Mluzi ukija pistoni inapovuta, ni valvu ya kusukuma, presha ya bomba la kutokea inarudi ndani. Mluzi wakati wa kusukuma lakini unausikia zaidi nyuma ya laina (silinda ambamo pistoni inatembea) kuliko kwenye chumba cha valvu, na maji ya kuosha laina yamechafuka, hiyo ni raba ya pistoni au laina yenyewe. Ukishajua hivi unafungua chumba kimoja, unabadilisha valvu na siti yake (pale inapokalia), saa moja umerudi kazini. Ukiacha, presha inakata siti, ikimaliza siti inakata chumba chenyewe, na chumba ni chuma cha kuagiza.

Sauti kama changarawe inazunguka ndani ya pampu ni maji kuchemka kwa kukosa presha upande wa kuvuta, viputo vinapasuka na vinang'oa chuma kidogokidogo. Safisha chujio, angalia hosi ya kuvuta kama imejibana, angalia matope kama mazito mno au yameingia hewa. Kwa pampu ndogo ya pangaboi inayolisha ile kubwa kuna kipimo chepesi, funga kidogo valvu ya upande wa kutokea, changarawe ikipungua basi ni hilo, ikibaki vilevile rudi kwenye beringi.

Hama na kompresa

Huku kwetu ukishatoka kwenye mchanga wa ufukweni unaingia granaiti, na hapo tunachimba kwa hewa na hama. Hama inapiga zaidi ya mapigo 1,000 kwa dakika kwahiyo usijaribu kuhesabu kwa sikio. Sikiliza ukali wake. Hama nzima kwenye jiwe zima inalia kavu, kali, ya kulingana, kama fundi anayegonga fuawe. Ikiwa nzito ya bu-bu-bu inaweza kuwa meno ya biti yamelala, au pistoni ya ndani imelika, LAKINI inaweza pia kuwa umeingia udongo laini au maji yamejaa shimoni. Angalia unga unaotoka kwanza kabla hujailaumu hama. Unga uko uleule wa jiwe, mita kwa saa zimeshuka, sauti imekuwa nzito, hapo toa rodi uangalie biti. Usiguse rodi kwa fimbo ikiwa inazunguka, sikiliza kwenye mguu wa mnara, sauti inafika vizuri tu.

Kompresa ya skruu inavuma mlio mmoja mrefu. Ukiona umeongezeka mlio mwembamba wa kulia juu ya ule wa kawaida na unapanda na kushuka na mzunguko, beringi za skruu zinalegea, na zikilegea skruu zinagusana. Hii usiipe wiki.

Hatua ya 6: tazama sauti kwa macho

Jioni ukiwa umeshakula sato wako, hamisha mafaili kwenye kompyuta, fungua na Audacity, ni ya bure, chagua kuangalia spektogramu, yaani picha ya sauti. Kwenye simu ya Android iko Spectroid. Chini ni milio minene, juu ni myembamba, rangi kali ni penye nguvu. Weka ya leo chini ya ile ya mashine nzima, tafuta mstari ambao haukuwepo.

Mstari ukiwa kwenye namba inayogawanyika sawasawa na mzunguko wa shafti, mara 1, mara 2, mara 3, fikiria shafti haijanyooka, kapulingi (kiungo cha shafti mbili) haijakaa sawa, bolti zimelegea. Mstari ukiwa kwenye namba isiyogawanyika, shuku beringi. Kuna kanuni ya kukadiria, zidisha idadi ya gololi kwa mizunguko ya sekunde kwa 0.4 unapata mlio wa kikombe cha nje kikiliwa, kwa 0.6 unapata cha ndani. Beringi ya gololi 8 kwenye shafti ya 25 Hz: nje ni kama 80 Hz, ndani kama 120 Hz. 80 sio mara kamili ya 25, unaona. Ni makadirio, inaweza kusogea kidogo. Mlio wa gia ni meno mara mizunguko ya sekunde, na ukiona pembeni mwa mstari wa gia kuna vistari viwili vidogo kama watoto, shuku jino moja au zaidi limeumia.

Mjue pia mwisho wa simu. Sikio la binadamu linafika karibu 20,000 Hz, simu nyingi zinarekodi mpaka hapohapo au juu kidogo. Beringi inapoanza kabisa kuchoka inalia juu zaidi ya hapo, na kuna vifaa maalumu vinavyosikiliza karibu 40,000 Hz na kukushushia mlio mpaka usikike. Mwenye rigi tatu na kuendelea, namshauri anunue.

Hatua ya 7: tafuta shahidi wa pili

Usifungue mashine kwa sauti tu. Pima joto la doa hilo na doa la upande wa pili, tofauti ikiwa kubwa kuliko wiki iliyopita ni ushahidi. Fungua plagi ya oili yenye sumaku, futa kwa kitambaa cheupe, unga laini wa kijivu ni kawaida, vipande vinavyong'aa unavyovihisi kwa kidole sio kawaida. Angalia geji ya presha kama inatetemeka zaidi. Vikikubaliana viwili, amua.

Mi naamua hivi: kilio kipya bila joto na bila vipande, naagiza spea leo na naendelea, ila narekodi kila asubuhi. Kilio na joto, namaliza rodi iliyopo, natoa zote, nazima. Mgongo wa krenki au kilio cha skruu za kompresa, naanza kutoa rodi muda huohuo, bosi aseme atakavyosema. Rodi zikiwa juu mashine hata ikifa umepoteza mashine tu, haujapoteza na shimo.

Kwa wanaokwenda kwenye mafuta

Tofauti mbili mzijue kabisa. Ya kwanza ni gesi. Kwenye rigi ya mafuta huruhusiwi kupeleka simu ya kawaida karibu na mdomo wa kisima, kwenye chekecheo la matope au matenki yake, cheche moja tu inatosha kulipua. Kule kuna vifaa vilivyothibitishwa kwa maeneo ya gesi na kibali cha kazi kabla hujasogea. Ya pili ni kina. Biti iko kilomita kadhaa chini, hakuna fimbo itakayoisikia, wanafunga vipimo vya mtikisiko ndani ya mabomba na taarifa zinapanda kwa mapigo ya presha ndani ya matope. Na hapa pampu inarudi tena, valvu mbovu inapiga mapigo yake mwenyewe ndani ya matope hayohayo na kuvuruga taarifa, kwahiyo ukisikia wataalamu wa chini wanalalamika hawasomi vizuri, nenda na sikio lako kwenye pampu.

Masikio yenyewe

Kiwango kinachotumika sana ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Karibu na kompresa na hama unapita hapo mapema sana. Vaa vizibo muda wote, toa kimoja pale tu unaposikiliza kwa fimbo, sekunde 10, rudisha. Nina wazee wangu wa kazi ambao leo milio myembamba hawaisikii tena, na hiyo ndo milio ya beringi.

Mwisho kabisa, ukibadilisha kitu chochote, beringi, valvu, laina, hata mkanda, rekodi yako ya zamani ya doa hilo haifai tena. Acha kifaa kipya kifanye kazi siku 2 au 3 kizoee, halafu asubuhi kabla upepo haujaingia chukua rekodi mpya, iandike "nzima" na tarehe, na nakala moja iache kwenye simu ya mwenzako, maana simu za saiti zinaangukia kwenye matope kila siku.